Somo la 34: Kupiga Foto ya Ndege

1. Ndege wa Katuba

Katuba ni moja ya komini saba za mji wa Lubumbashi. Nyumba zake zimesongamana. Barabara zake zina vumbi wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua. Mgeni akipita huko saa sita za mchana atasema, «Hapa hakuna ndege, kuna watu na pikipiki tu.» Mgeni huyo hakuamka mapema.

Alfajiri, kabla ya redio kuanza kelele, ndege wako kila mahali. Shomoro wanagombana juu ya mabati. Njiwa wanalia katika miembe. Kunguru mwenye kifua cheupe anatembea jalalani polepole, kama karani anayehesabu mali ya bwana wake. Chozi mdogo ananing'inia kwenye ua la mgomba na kufyonza utamu wake. Kiangazi kikielekea mwisho, mwewe wanazunguka juu ya soko wakitafuta vipande vya nyama. Mvua zikianza, mbayuwayu wanafika. Wengine wao wamezaliwa Ulaya, chini ya mapaa ya mazizi, nao wamevuka bahari na jangwa la Sahara ili kula wadudu wa Kongo.

Watoto wa Katuba wanawajua ndege hao sana, maana wengi wanawawinda kwa manati na kwa ulimbo. Mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa hodari kuliko wote wa njia yao. Jiwe lake lilikuwa halikosi. Siku moja yaya wake alipata simu mpya, akampa mdogo wake ile ya zamani. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, tena ilikuwa haiwezi kuita mtu yeyote. Lakini kamera yake ilikuwa nzima. Mtoto akaweka manati mfukoni, akaenda kumtafuta ndege wa kumpiga foto.

Alipiga foto thelathini siku ile. Jioni akamwonyesha babu yake.

«Nkambo, tazama, nimempiga njiwa.»

Mzee akasogeza simu mbali na macho, kisha karibu. «Umempiga? Yuko wapi? Mimi naona mwembe na mbingu.»

«Huyu hapa, Nkambo, juu ya tawi.»

«Huyu ni njiwa? Mimi nilidhani ni uchafu juu ya kioo.»

Mtoto akaona haya. Kwa jiwe aliweza kumpata njiwa mbali ya hatua ishirini. Kwa nini foto ilimshinda?

2. Sanduku la giza

Kamera yoyote, hata ile iliyomo ndani ya simu, ni chumba kidogo chenye giza. Upande mmoja una tundu. Mwanga unaingia katika tundu, unafika ukuta wa pili, na kuchora hapo sura ya vitu vilivyo nje. Mtu anaweza kuliona jambo hili kwa mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Toboa tundu moja dogo katikati ya kitako cha mkebe kwa msumari mwembamba. Mdomo wa mkebe uufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, uifunge kwa uzi. Sasa jifunike kichwa kwa blanketi pamoja na mdomo wa mkebe, na tundu ulielekeze kwenye uwanja wenye jua kali. Juu ya karatasi utaona uwanja mzima: nyumba, miti, hata mama anayetwanga. Lakini wote wamegeuka, kichwa chini na miguu juu! Maana mwanga hutembea moja kwa moja: ule unaotoka juu unafika chini, na ule unaotoka chini unafika juu.

Watu waliijua ajabu hii tangu zamani sana. Ila sura ile ilikuwa haikai. Blanketi likiondolewa, inapotea. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ufaransa na Uingereza walipata dawa za kuishika. Kwanza waliishika juu ya shaba iliyopakwa fedha, na juu ya karatasi. Baadaye juu ya vioo vizito. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akauza kamera yenye ukanda wa filimu ndani yake, akaiita Kodak. Mwaka 1900 kampuni yake ikatoa nyingine ya watoto, bei yake dola moja. Hapo ndipo kupiga foto kulipoacha kuwa kazi ya mafundi peke yao. Leo dawa na filimu hazitumiwi sana, kwa kuwa simu hushika mwanga kwa umeme. Lakini chumba cha giza na tundu lake bado viko palepale.

Sasa ile haya ya mtoto wa Katuba. Kioo cha kamera ya simu kimetengenezwa ili kupata watu wote wa arusi katika foto moja. Kinaona upana mkubwa, na kwa sababu hiyo kitu kilicho mbali kinakuwa kidogo mno. Ukivuta sura kwa vidole viwili, hupati ndege mkubwa. Unapata doa kubwa. Ni kama kuongeza maji katika mchuzi: sufuria imejaa, lakini nyama haikuongezeka. Mafundi wa foto za ndege wana kioo kirefu kama mkono, chenye bei ya pikipiki. Mtoto wa Katuba hana kioo cha namna ile. Basi, imempasa kumkaribia ndege; au, lililo bora, ndege amkaribie yeye.

3. Ng'ombe aliye na watu ndani

Katika Uingereza palikuwa na ndugu wawili, Richard Kearton na Cherry Kearton. Walikuwa watoto wa mashamba. Mwaka 1892 Cherry alipiga foto ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege chenye foto zilizopigwa porini. Kamera yao ilikuwa sanduku kubwa linalosimama kwa miguu mitatu. Ndege wakiiona walikuwa wanaruka.

Ndugu hao wakafikiri: ndege anamwogopa mtu, lakini ng'ombe hamwogopi. Basi wakachukua ngozi ya ng'ombe, wakaifanyia mifupa ya mbao, wakaacha tumbo tupu. Mpiga foto akaingia ndani pamoja na kamera yake, akatoa kioo katika tundu dogo la ngozi. Ng'ombe huyo akasimama malishoni saa nyingi bila kula jani hata moja! Ndani yake mlikuwa na joto na mtu aliyepinda mgongo. Ndege walimzoea, wakaendelea na shughuli zao. Baadaye Cherry alifika hata Afrika ya Mashariki na Kongo na kamera zake.

Katuba hakuna malisho, na ng'ombe wa ngozi angekusanya watu wa njia tano. Lakini shauri la ndugu wale linafaa hata uani. Ndege humwogopa mtu anayemtazama, tena anayemfuata. Hawaogopi sana matofali, au ndoo, au nguo zinazokauka kwenye kamba.

Mwezi wa tisa kiangazi kilikuwa kikali, na maji yalikuwa adimu. Yule mtoto akachukua kifuniko cha sufuria, akakiweka chini kivulini, akatia maji na mawe mawili madogo ili ndege wapate pa kusimama. Siku mbili hakufanya neno jingine. Siku ya tatu akapanga matofali mbali ya hatua moja, akaegemeza simu katikati yake, akaiacha ikipiga filamu yenyewe, naye akaenda kuketi mlangoni. Akangoja. Kuku akaja, akafukuzwa. Mtoto wa jirani akaja, akafukuzwa pia. Jua likapanda. Ndipo kikashuka kijidege chekundu chenye mdomo mwekundu, kile kinachopenda kuokota chembe za unga karibu na watu. Kikaruka huku na huku, kikainama, kikanywa, kikainua kichwa ili maji yashuke kooni. Jikeye, mwenye rangi ya udongo, akafuata nyuma.

Jioni Nkambo alitazama kwa muda mrefu. «Miaka mingi nimeketi katika uwanja huu,» akasema. «Sikujua kwamba ana madoa meupe ubavuni.»

Tangu siku ile ilionekana kwamba manati hayatoki tena mfukoni. Si kwamba mtoto alikatazwa. Aliona tu kwamba ndege waliopigwa mawe asubuhi hawaji kunywa maji jioni.

4. Foto iliyopendwa na njia nzima

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wapiga foto wengi hawapendi kulisema.

Katika mlimau wa jirani shore alikuwa amejenga kiota. Ndani yake kulikuwa na makinda wawili, vipofu, wenye midomo mipana. Majani mazito yalikifunika kiota pande zote. Mtoto alipiga foto mara nne, akapata giza tupu. Akavunja matawi matatu.

Mwanga ukaingia. Foto ilitoka safi ajabu: makinda wamefungua midomo, na ndani ya midomo unaona rangi nyekundu kama pilipili. Watu wa njia nzima waliipenda. Yaya wake aliituma kwa rafiki zake, na wao wakaituma kwa wengine, hata ikafika Likasi.

Lakini tundu lililoingiza mwanga wa foto liliingiza pia jua la saa sita, na makinda hawana manyoya ya kuwakinga. Mama yao alirudi na mdudu mdomoni, akakaa juu ya waya, akaona kiota chake kiko wazi, akaogopa kushuka. Tundu lile lilimwonyesha njia na kunguru pia. Asubuhi ya siku ya pili kiota kilikuwa kitupu.

Mtoto alitaka kuifuta foto. Babu yake akamkataza. «Iache,» akamwambia. «Andika pia namna ulivyoipata.» Basi akaandika katika daftari yake tarehe, na mti, na ndege, na chini yake maneno haya: Nilivunja matawi matatu.

Wapiga foto wenye busara hawakati kitu karibu na kiota. Jani likizuia, hulivuta pembeni kwa uzi muda mfupi sana, kisha hulirudisha kama lilivyokuwa. Wengi zaidi huacha kabisa kupiga foto za viota vyenye makinda. Jambo la kuchukiza ni kwamba foto haimwambii mtazamaji lolote. Foto ya ndege aliyetendewa vema na foto ya ndege aliyeharibiwa kiota zinaweza kufanana, na pengine ile mbaya ikawa nzuri zaidi kwa macho.

5. Foto ni shahidi

Daftari ya mtoto yule ina maana kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Kutoka mwaka 1898 mpaka 1900 msafara wa Charles Lemaire ulipita katika nchi ya Katanga ili kuichunguza. Ndani yake alikuwamo mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga foto, François Michel. Wakati ule mji wa Lubumbashi ulikuwa haujaanzishwa. Mji wenyewe ulianza mwaka 1910. Kazi yao iko katika jumba la ukumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Sammy Baloji, mpiga foto aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizitazama upya foto zile na michoro ile, akazikutanisha katika kazi yake mwenyewe, nayo ikaonyeshwa huko Tervuren mwaka 2011. Baloji na rafiki zake ndio walioanzisha katika Lubumbashi maonyesho makubwa ya picha mwaka 2008. Chama chao kinaitwa Picha tu, neno ambalo kila mtoto wa Katuba analijua.

Basi foto hukaa kuliko aliyeipiga, nayo hujibu maswali ambayo yeye hakuyawaza. Lakini hujibu ikiwa inajulikana ilipigwa wapi na lini. Bila hayo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

Tena yako mengi ambayo foto hazikuyapata. Kutoka mwaka 1909 mpaka 1915 wataalamu wawili, Herbert Lang na James Chapin, walichunguza wanyama wa kaskazini-mashariki ya Kongo. Lang alipiga foto karibu 10,000. Mwaka 1913 Chapin aliona unyoya mmoja wa ajabu katika kofia ya mtu wa huko. Hakumjua ndege wake. Akauweka unyoya ule miaka ishirini na mitatu! Mwaka 1936, akiwa Tervuren, akaona juu ya kabati ndege wawili wakavu walioandikwa jina lisilo lao, wenye unyoya uleule. Alikuwa tausi wa Kongo, ambaye wataalamu wa ulimwengu mzima walikuwa hawamjui. Wawindaji wa mwituni, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote, na mkunga wa kofia ile pia.

Chapin huyohuyo, mwaka 1928, alimpa jina la kitaalamu kijidege kimoja cha Katanga, kinachokaa katika majani ya mto Lualaba na ziwa Upemba. Ni ndugu wa vile vijidege vya mdomo mwekundu, ila huyu ana mstari mweusi machoni. Baada ya mwaka 1950 miaka mingi sana ilipita bila mtaalamu kuandika kwamba amemwona. Amekwisha? Au yupo, na anayemwona kila siku ni mvuvi ambaye hakuna aliyemwuliza?

Katika nchi hiyohiyo ya Upemba, ambayo imekuwa hifadhi tangu mwaka 1939, anakaa mnyama wa jamii ya kuro, mwenye kupenda maji na matope. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa aina ya pekee, kwa kutazama ngozi na mafuvu yaliyowekwa katika majumba ya ukumbusho. Foto ya mnyama huyo akiwa hai haikuwa imetangazwa. Wachunguzi walipotafuta kwa eropleni waliwaona kumi tu, wakakadiria kwamba hawafiki mia moja. Mwaka 2025 foto ikatangazwa. Ndiyo shahidi wake wa kwanza. Kama uwindaji hautapungua, huenda ikawa miongoni mwa mashahidi wa mwisho.

6. Safarini

Anayetoka Katuba na kamera hana haja ya kwenda mpaka Upemba. Mjini kwenyewe kuna bomba refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba, vilivyopigwa foto mara nyingi hata vimekuwa kama alama ya Lubumbashi. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mlima ule unaonekana vizuri. Saa sita kila kitu kinakuwa bapa kama sahani. Nje ya mji kuna vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba, vyenye miti juu yake. Inafaa mtu asimame kando ya kichuguu, ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Mwenye kubahatika kusafiri mpaka hifadhi ya Kundelungu ataona maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300. Afadhali aende mvua zikiwa zimetoka kwisha, kwa maana kiangazi maji hupungua sana.

Njiani atakutana na baiskeli zilizopakia magunia ya makala, moja nyuma ya nyingine. Hiyo nayo ni foto ya ndege, ukifikiri vizuri: makala yale jana yalikuwa miombo yenye viota. Lakini mwenye baiskeli ni mtu, tena amechoka. Asalimiwe kwanza, aombwe ruhusa. Akikataa, kamera ishuke. Askari, madaraja, na uwanja wa ndege visipigwe foto kabisa, la sivyo safari itaishia ofisini kwa maelezo marefu.

Yule mtoto bado hajafika Kundelungu. Mwezi wa kumi na moja shore alijenga tena, mara hii katika mwembe wa Nkambo, juu, mahali penye majani mengi. Mtoto aliketi mbali, mgongo ukutani, siku nne. Foto aliyoipata ni ya giza. Inaonyesha mkia, na nusu ya kichwa, na majani mengi mno. Hakuna aliyeomba atumiwe.

Nkambo aliitazama, akainua macho juu ya mwembe, akaitazama tena. «Nimemwona,» akasema.

MASWALI

1. Kwa nini sura ndani ya mkebe imegeuka kichwa chini?
2. Ndugu Kearton walifanya nini ili ndege wasiruke? Nyumbani kwenu ungetumia nini?
3. Kwa nini Nkambo alimkataza mtoto kuifuta foto ya makinda?
4. Chapin alingoja miaka mingapi kabla ya kujua unyoya ule ni wa nani?
5. Kazi: Weka maji kivulini siku tatu. Andika katika daftari tarehe, saa, na kila ndege aliyekuja kunywa. Usiyemjua jina, eleza rangi yake, kisha umwulize mzee wa nyumbani anamwitaje.